Ladakh mwezi gani? Jibu linaanzia kwenye kusi

Nikiitaja Ladakh mbele ya watu, swali la kwanza huwa ni la bei na la pili ni la mwezi. La bei hujibika haraka. La mwezi huchukua jioni nzima, maana aliyeuliza tayari amekwisha soma mtandaoni na amechanganyikiwa. Mmoja kamwambia Julai ndiyo yenyewe. Mwingine kamwonya asikanyage Himalaya Julai kwa sababu ya mvua. Wa tatu anaisifu Februari, mto umeganda na watu wanatembea juu yake. Na wote watatu wanasema kweli, ila kila mmoja alisimama upande wake wa mlima na alikwenda na haja yake.

Basi tuanze na mlima wenyewe. Ladakh iko kaskazini kabisa mwa India, imepakana na Pakistan na Tibet. Tangu tarehe 31 Oktoba 2019 imetengwa na Jammu na Kashmir na inatawaliwa moja kwa moja na serikali kuu ya Delhi. Leh, mji wake mkuu, uko kwenye mwinuko wa kama mita 3,500. Kusini mwake umesimama ukuta wa Himalaya, na ukuta huo ndio unaopanga kalenda.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunaujua upepo unaougonga ukuta huo, kwa sababu unapita kwetu kwanza. Ni kusi. Kati ya Juni na Agosti hupita kwa kasi pwani ya Kenya na Somalia, hukunja kuelekea mashariki juu ya Bahari ya Arabu ukifyonza maji njia nzima, na mwanzoni mwa Juni hushusha mvua ya kwanza Kerala, kusini mwa India. Wataalamu wa hali ya hewa wanauita mkondo huo kwa jina la Findlater, aliyeueleza kitaalamu mwaka 1969. Manahodha wa Lamu na Unguja walikuwa wakisafiri nao karne nyingi kabla yake, na walijua pia kwamba kusi ikipamba moto bahari hufunga. Chombo hupandishwa pwani, watu hungoja. Neno hilo, kufunga, liweke kichwani. Tutalihitaji tena huko juu milimani.

Kufikia mwishoni mwa Juni mawingu ya kusi yako kwenye miguu ya Himalaya. Hapo hayana njia. Yanasukumwa juu, yanapoa, na yanamwaga maji yote upande wa kusini. Pokhara, mji wa Nepal ulio upande huo, hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka. Leh, nyuma ya ukuta, hupata kama milimita 100. Kwa hiyo anayekukataza Julai ana Nepal kichwani, na anayekusifia Julai anaizungumzia Ladakh. Mantiki hiyohiyo inafanya kazi Spiti huko India, na Mustang ya Juu na Dolpo huko Nepal: sehemu zote zilizojificha nyuma ya ukuta hukauka wakati jirani zao wanaloa.

Niliyaona haya waziwazi kwenye njia ya mlimani ya Zoji La, nikitokea Srinagar, mji wa Kashmir. Asubuhi tulipita Sonamarg, misonobari imesimama kwenye ukungu, majani mabichi, wachungaji wamejifunika mablanketi yaliyolowa. Gari likapanda kona baada ya kona kwenye tope hadi mita 3,528. Tulipoanza kuteremka upande wa pili miti ikatoweka. Haikupungua kidogo kidogo, ilikwisha. Ikabaki miamba ya rangi ya kahawia na ya zambarau, na anga la buluu iliyokolea hadi inaumiza macho. Dereva akazima waipa na hakuziwasha tena hadi Leh.

Sasa hiyo *la* iliyo kwenye jina la Zoji La, kwa Kiladakhi ni pale njia inapokatiza mgongo wa mlima. Nitaiita mlango, kwa sababu ndivyo inavyofanya kazi: hufungwa, hufunguliwa. Jina la Ladakh lenyewe hufasiriwa kuwa nchi ya milango hiyo. Na hapa ndipo watu wengi wanapokosea hesabu. Wanaangalia hali ya hewa ya Leh, wanaona jua siku zaidi ya 300 kwa mwaka, wanakata tiketi. Hawaangalii hali ya hewa ya mlangoni.

Kwa gari milango mikubwa ni miwili. Wa kwanza ni huo wa Srinagar kupitia Zoji La na Kargil, kama kilomita 420. Wa pili ni wa Manali, mji ulio kusini mwa milima hiyo, unaovuka Baralacha La yenye karibu mita 4,900 na Tanglang La yenye zaidi ya mita 5,300. Theluji inayoifunga haina uhusiano na kusi. Huletwa na mifumo ya hewa inayotoka upande wa Mediterania wakati wa baridi, ikipitia Iran na Afghanistan, na huangukia zaidi kwenye milango hiyo kuliko Leh penyewe. Zamani Zoji La ilikuwa ikifunga Desemba hadi Aprili au Mei, na barabara ya Manali kuanzia Novemba hadi mwishoni mwa Mei au Juni. Mambo yanabadilika. Oktoba 2020 lilifunguliwa handaki la Atal, lenye urefu wa kama kilomita 9, linalopita chini ya mlango wa Rohtang kwenye njia ya Manali. Januari 2025 likafunguliwa handaki la Sonamarg. Lile refu zaidi la Zoji La linajengwa, na Julai 2024 baruti ya kwanza ililipuliwa Shinku La, kwenye barabara ya tatu inayopitia Zanskar. Kwa sasa, hata hivyo, mipango ya safari ya Januari isitegemee gari kutoka tambarare. Kuna ndege tu.

Na ndege ina sharti lake, ambalo halijali msimu: hewa. Kwenye mita 3,500 kila pumzi hukupa oksijeni kama theluthi mbili ya ile uliyoizoea Mombasa au Tanga. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hufika Horombo, mita 3,720, siku ya pili, kwa miguu, akiwa amelala Mandara usiku wa kwanza. Ndege ya Delhi inakunyanyua kutoka mita 200 na ushei na kukuweka karibu na Horombo kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Mwili haujapata taarifa. Ugonjwa wa milimani huanza na kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mbovu. Ukipuuzwa unaweza kujaza maji mapafuni au kwenye ubongo, na hapo dawa ya kwanza ni kuteremka. Siku mbili za kwanza Leh ni za kulala, kunywa maji na kutembea polepole. Usiongeze hata matembezi ya kupanda hadi kasri la mji. Wanaotaka Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa huo, waongee na daktari kabla ya kuondoka nyumbani.

Ukiwa na uwezo wa kuingia kwa barabara ya Srinagar, mwili hupanda ngazi kwa ngazi: Srinagar karibu mita 1,600, usiku mmoja Kargil chini kidogo ya 2,700, kisha Leh. Barabara ya Manali haina huruma hiyo, kwani wengi hulazwa Sarchu, karibu mita 4,300, wakiwa bado hawajazoea chochote. Ndiyo maana ushauri wangu kwa mtu wa miezi ya joto ni kuingia kwa Srinagar na kutoka kwa Manali, akiwa tayari amezoea. Mwezi ndio unaoamua mlango, na mlango ndio unaoamua mwili utafikaje.

Sasa miezi.

Juni hadi Agosti ndio wakati wa wengi. Milango yote iko wazi, Leh mchana hufika nyuzi 25 au zaidi, mashamba ya shayiri ni ya kijani, na tamasha la monasteri ya Hemis, lenye watawa wanaocheza kwa vinyago, huangukia Juni au Julai kwa kalenda ya Kitibeti. Hapo nakubaliana na wanaosifu. Lakini ukame wa Leh haulindi barabara ya kufikia Leh, kwa kuwa sehemu ya kwanza ya njia zote mbili iko upande unaoloa. Julai 2023 mafuriko yalivunja barabara za Kullu na Manali, na wasafiri wakakwama siku kadhaa. Na kuna jambo zito zaidi. Nyumba za Ladakh zimejengwa kwa matofali ya udongo na paa bapa, kwa sababu mvua kubwa haikuwa sehemu ya maisha yao. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Agosti 2010 wingu moja lilipasuka juu ya Leh. Matope yakashuka mabondeni na kuzoa nyumba za Leh na Choglamsar, watu zaidi ya 200 wakafa. Ukilala bondeni Agosti, uliza chumba kilicho mbali na mkondo wa maji, hata kama umekauka kabisa. Swali hilo huwa nalisisitiza kwa kila mtu.

Joto nalo lina lake. Ndege za Leh huruka asubuhi, kwa sababu mchana upepo huamka mabondeni na hewa ikipata joto huzidi kuwa nyepesi, mabawa na injini vikakosa cha kushika. Julai 2024 joto lilipanda hadi safari kadhaa zikafutwa.

Kwa anayekwenda kutembea kwa miguu, tuseme bonde la Markha, Julai ina tatizo la mito. Maji yake hutoka kwenye barafu ya juu. Jua likiwaka barafu huyeyuka, na maji hayo hufika chini alasiri. Mto uliouvuka saa mbili asubuhi ukiwa magotini unaweza kukufikia kiunoni saa kumi. Wenyeji hupanga siku nzima kwa kufuata hilo: vuka mapema, kula baadaye.

Ndipo tunapofika Septemba, na hapa sifichi upande wangu. Kuanzia katikati ya mwezi kusi huanza kurudi nyuma kutoka kaskazini-magharibi mwa India. Barabara za kuingilia zinakauka. Mito imeshuka kwa sababu usiku barafu haiyeyuki tena. Anga linakuwa safi hadi unahesabu mikunjo ya mlima ulio mwendo wa siku mbili. Mchana Leh ni nyuzi 20 hivi, usiku koti zito linahitajika, na Pangong, lile ziwa la chumvi kwenye mita 4,250, asubuhi ndoo ya maji nje huwa na ngozi ya barafu.

Ila sababu yangu kubwa ni mavuno. Nililala kwenye nyumba moja kijijini, mwendo wa saa moja magharibi mwa Leh, wiki ya tatu ya Septemba. Mama mwenye nyumba, ambaye kila mtu alimwita ama-le, yaani mama kwa heshima, alikuwa juu ya paa tangu alfajiri. Upande mmoja wa paa ametandaza aprikoti zilizopasuliwa, zimekauka hadi zimekuwa kama ngozi. Upande wa pili majani ya tanipu. Pembeni marundo ya nyasi kavu za ng'ombe, yamepangwa kuzunguka ukingo mzima kama ukuta wa pili. Chini uwanjani wanyama wamefungwa kwenye mti mmoja wakizunguka juu ya shayiri ili punje zitoke, na kijana anayewafuata anawaimbia. Huo wimbo hauna haraka, unakwenda na hatua zao. Ama-le alinipa ungo. Hatukuwa na lugha ya pamoja zaidi ya *julley*, ambalo ni salamu, ni asante na ni kwaheri, lakini kupepeta ni kupepeta. Aliona mkono wangu unajua, akacheka, akaniongezea punje. Kila kitu kilichokuwa juu ya lile paa kilikuwa cha kuliwa kati ya Novemba na Aprili. Nikaelewa kwamba ile miezi ambayo mimi nilikuwa naiita nje ya msimu, kwao ndiyo inayofanyiwa kazi na miezi mingine yote.

Oktoba mipopla na mierebi hugeuka dhahabu, wageni huisha, na hoteli nyingi huanza kufunga. Ni mwezi mzuri kwa mwenye mavazi ya kutosha. Novemba siipendekezi: mabomba ya maji yanatolewa maji yasije yakapasuka kwa barafu, barabara zinafunga, na theluji yenyewe bado haijaleta kile kinachowaleta watu wa baridi.

Desemba hadi Machi ni Ladakh nyingine, na haistahili kutajwa kwa mstari mmoja kama vitabu vya wageni vinavyofanya. Usiku Leh hushuka nyuzi 15 chini ya sifuri, Drass na Zanskar huzidi hapo. Familia yote huhamia jikoni, kwenye jiko la chuma linalolishwa kuni na kinyesi kikavu cha ng'ombe, chai ya chumvi na siagi haitoki motoni. Na kwa kuwa shamba limelala, watu wana nafasi. Ndiyo maana sikukuu nyingi ziko wakati huu: Losar, mwaka mpya wa Ladakh, ambayo huangukia Desemba, karibu miezi miwili kabla ya ile ya Tibet, kwani simulizi husema mfalme Jamyang Namgyal wa karne ya 17 aliileta mbele alipokuwa anakwenda vitani, tamasha la Gustor la monasteri ya Spituk Januari, kisha la monasteri ya Matho, ambako watawa wawili hupagawa na kutabiri mbele ya umma. Hizo si ngoma za watalii. Wanaohudhuria ni wanavijiji wenyewe.

Wakati huohuo chui wa theluji hushuka chini akiwafuata kondoo-mwitu. Sensa iliyotangazwa Januari 2024 ilikadiria India ina chui hao 718, na 477 kati yao wako Ladakh. Watu hukaa siku kumi kwenye vijiji kama Ulley na Rumbak, darubini mkononi, na wengine huondoka wameona nyayo tu. Pangong huganda kabisa. Februari 2023 watu walikimbia mbio za kilomita 21 juu yake. Na mto Zanskar huganda na kuwa *chadar*, yaani shuka, njia ambayo watu wa Zanskar waliitumia tangu zamani kupeleka siagi Leh. Wanaokwenda kuitembea Januari na Februari wajue kwamba barafu hiyo huvunjika, na kwamba kuna miaka haishiki vizuri. Kiongozi akisema leo hatutembei, hatutembei.

Aprili watu huisahau. Vijiji vya chini vya Sham, Dha na Hanu, pamoja na Turtuk huko bonde la Nubra, huwa vimefunikwa na maua meupe na ya waridi ya miaprikoti kwa wiki mbili hivi, huku milima nyuma yake ingali na theluji. Ni wakati wa uzuri na wa kiu pia. Wakulima wanataka kumwagilia mbegu, lakini barafu ya juu haiyeyuki vya kutosha hadi Juni. Pengo hilo ndilo lililomfanya mhandisi Sonam Wangchuk abuni minara ya barafu: maji ya baridi yanayopotea bure hurushwa juu usiku, yanaganda kuwa mnara mkubwa, na mnara huo huyeyuka taratibu majira ya kupanda. Ukienda Aprili utaikuta ingali imesimama kwenye baadhi ya vijiji, ikidondoka.

Kuna hesabu nyingine ambayo hali ya hewa haiioneshi. Sensa ya 2011 ilihesabu watu 274,289 Ladakh nzima. Mwaka 2022 watalii walipita laki tano, wengi wao kati ya Mei na Agosti. Leh haina mto wa kutosha kwa vyoo vya kuvuta vya watu wote hao. Maji yanachimbwa ardhini na visima vinazidi kwenda chini. Nyumba za asili zina choo kikavu, kinyesi huchanganywa na udongo na kuwa mbolea ya shamba. Mgeni anayekwenda Septemba au Februari, akalala kijijini na kutumia choo hicho, anakuwa mzigo mwepesi zaidi kwa mwenyeji wake. Kwangu hilo nalo ni sehemu ya jibu la mwezi gani.

Kisha kuna siasa za mpakani. Tarehe 24 Septemba 2025, wakati wa hali ya hewa nzuri kuliko yote, maandamano ya kudai Ladakh iwe jimbo kamili yaliishia kwa vifo vya watu 4 Leh na amri ya kutotoka nje. Raia wa kigeni pia wanahitaji kibali maalumu kwa Nubra, Pangong na ziwa la Tso Moriri, kupitia wakala aliyesajiliwa, na sehemu nyingine za mpakani hawaruhusiwi kabisa. Soma habari za Leh wiki mbili kabla ya kuondoka.

Najua wengi wetu likizo hatujichagulii. Mwenye watoto wa shule mara nyingi amebaki na Agosti au Desemba. Wa Agosti achague wiki ya mwisho, aingie kwa ndege badala ya barabara ambazo bado zinaloa, alale Leh usiku mitatu, ashuke Nubra ambako mji wa Diskit uko chini zaidi, na Pangong aiache mwisho. Wa Desemba asiogope: Leh na vijiji vya karibu vinatosha kwa siku nane, na Losar ikiangukia likizo yake atakaribishwa nyumba hadi nyumba. Abebe soksi za sufu, mafuta ya midomo na miwani ya jua. Na vyovyote iwavyo, kati ya ndege ya kutoka Leh na ile ya kumrudisha Nairobi au Dar es Salaam aache siku mbili tupu Delhi. Asubuhi wingu likikaa juu ya bonde la Indus rubani hugeuza na kurudi, na abiria wote hurudi mjini kungoja kesho.